Chupa tatu na neno la Mzee: Kwa nini ‘kuosha picha’ si kosa la lugha

JIONI ya Jumamosi moja mwezi Julai, simu yangu iliita nikiwa ndani ya matatu, tumekwama kwenye Waiyaki Way karibu na Westlands. Aliyepiga ni kijana wa Kangemi niliyemfunza Kiswahili miaka kadhaa iliyopita katika shule ya upili. Hakunisalimu vizuri, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mwalimu, filamu imetoka nyeupe.”

“Nyeupe vipi?”

“Nyeupe tu, kama nailoni. Ukiiangalia unaona upande wa pili. Hakuna kitu, Mwalimu. Na nilifuata ile karatasi yako neno kwa neno.”

Maneno “karatasi yako” yalinichoma. Naomba nieleze karatasi hiyo ilikuwa nini, maana makala ya leo ni ya kukiri kosa kwanza, kisha kulichambua.

Kijana huyu na wenzake wanne wameanza kujifunza upigaji picha wa kale, ule wa filamu. Walichanga pesa wakanunua kamera kuukuu aina ya Pentax K1000 kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika katikati ya jiji. Maelezo yote waliyoyapata ya namna ya kusafisha filamu yalikuwa ya Kiingereza, na wawili kati yao waliacha shule mapema. Ndipo wakaniomba: “Mwalimu, tutafsirie hizi hatua ili sote twende pamoja.” Nilifurahi mno. Nikaketi usiku mmoja, kamusi zikiwa mezani, nikawapa karatasi safi yenye istilahi safi. Dawa ya kwanza niliita kistawishi, ya pili kisitishi, ya tatu kiimarishi. Nilijipongeza kwa jinsi maneno hayo yalivyopangika kama wanajeshi kwenye gwaride.

Vijana walinakili maneno hayo kwenye vibandiko, wakavibandika kwenye chupa tatu za soda zinazofanana. Usiku, chooni, kwa mwanga hafifu, kijana akashika kiimarishi akidhani ni kistawishi. Alipoulizwa baadaye, alisema pia kwamba hata angesoma vizuri, asingeshangaa kuanza na kiimarishi: si ndicho kinachoimarisha picha?

Filamu ile ilikuwa na picha 36 za nyanya yake, kukhu kama wanavyomwita kwao. Ajuza huyo alikuwa ameishi Kangemi kwa zaidi ya miaka 40, na wiki iliyotangulia alikuwa amefunga virago kurudi Mumias. Kijana alimpiga picha akikunja mapazia, akikabidhi ufunguo kwa mwenye nyumba, akiwaaga majirani. Nyanya yupo, anaweza kupigwa picha tena. Siku ile ndiyo haipo.

Penye wazee haliharibiki neno. Siku iliyofuata tulikwenda Kawangware kwa mzee mmoja aliyefanya kazi studioni River Road tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini hadi kamera za dijitali zilipoifunga biashara ile. Mzee alichukua filamu, akaiinua dirishani. Hakuangalia katikati, palipotakiwa kuwa na picha. Aliangalia pembeni, kwenye ukingo wenye matundu.

“Namba ziko wapi?” akauliza.

Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba kiwandani, kabla filamu haijauzwa, ukingo wake hupigwa mwanga kwa alama na namba za picha. Namba hizo hazionekani hadi filamu isafishwe. Kwa hiyo filamu inapotoka nyeupe, ukingo ndio shahidi. Kama namba zipo lakini picha hazipo, dawa ilifanya kazi yake, ila kamera haikuruhusu mwanga kuingia. Huenda hata filamu haikushika kwenye meno ya kuivuta, mpigaji akawa anapiga hewa. Kama namba nazo hazipo, basi dawa ya kwanza haikufanya kazi, au haikuwa ya kwanza. Na kama filamu yote ni nyeusi tititi pamoja na ukingo, hiyo imeungua: mwanga uliiingilia kabla ya wakati.

“Hii mlianza na haipo,” Mzee akasema.

“Na nini?”

“Haipo. Ile dawa ya mwisho. Sisi tuliiita haipo. Ukianza na haipo, picha haipo. Hata mtoto wa kufagia studio alijua hivyo.”

Msomaji, nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Neno hilo lililonipiga chenga lilitokana na jina la kale la Kiingereza la dawa hiyo, yaani hypo, kifupi cha jina la kikemia lililotumika karne ya 19. Mafundi wa River Road walilitohoa kwa masikio yao, likaangukia neno la Kiswahili ambalo lipo tayari na lenye maana kamili ya onyo. Mimi, kwa shahada zangu, niliwapa vijana kiimarishi.

Ili tuone kosa langu lilikuwa wapi, hatuna budi kuelewa kinachotendeka ndani ya kopo. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa gelatini, ute utokanao na mifupa na ngozi za wanyama. Ndani ya gelatini hiyo mmetawanyika chembechembe ndogo mno za chumvi za fedha, na hapa nasema fedha kwa maana ya madini. Chumvi hizo huathiriwa na mwanga. Kifuniko cha kamera kinapofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga hugonga baadhi ya chembe na kuziacha nyingine. Zilizogongwa hubadilika kidogo sana, kiasi kwamba jicho haliwezi kuona tofauti yoyote. Wataalamu huiita hali hii taswira fiche. Mzee anasema “picha imelala”.

Dawa ya kwanza huiamsha. Inazitafuta chembe zilizogongwa na mwanga na kuzigeuza kuwa fedha halisi, ambayo kwa umbo hilo laini huonekana nyeusi. Ndiyo maana palipokuwa na mwanga mwingi, kama anga au shati jeupe, huwa peusi kwenye filamu, na palipokuwa na giza hubaki peupe. Hiyo ndiyo negativi. Kazi hii hutegemea saa na joto. Kwa mfano, filamu ya Ilford HP5 Plus iliyopigwa kwa namba yake ya 400 huhitaji dakika saba na nusu katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, ikiwa joto ni nyuzi 20 za Selsiasi. Dawa ikiwa baridi zaidi, kazi huzorota. Ikiwa moto zaidi, huenda mbio na muda hauna budi kupunguzwa. Nairobi ya Julai ina baridi ya kutosha kumharibia mtu filamu asipopima. Vijana wa Kangemi hutia chupa kwenye karai la maji vuguvugu hadi kipimajoto kiseme 20.

Dawa ya pili ni asidi dhaifu, jamaa ya siki ya mezani. Dawa ya kwanza hufanya kazi katika mazingira yaliyo kinyume cha asidi, kwa hiyo siki inapoingia, kazi husimama papo hapo. Nusu dakika yatosha.

Kisha huja dawa ya tatu, haipo yenyewe. Hii haigusi picha iliyokwisha kutokea kwa muda uliowekwa. Inachoyeyusha ni zile chembe za chumvi ambazo hazikugongwa na mwanga, ambazo zikiachwa zitaendelea kuathiriwa kila filamu inapoona jua, mpaka picha imezwe na weusi. Dakika tatu hadi tano kwa dawa za kisasa, na filamu inaweza kutolewa nje ya kopo bila hofu. Sasa piga hesabu: ukianza na dawa hii, chembe zote bado ni chumvi. Iliyogongwa na isiyogongwa, zote huyeyuka. Unabaki na plastiki na gelatini tupu, na namba za ukingoni zimeondoka vilevile. Hakuna dawa nyingine duniani itakayozirudisha.

Mwisho ni maji. Na hapa kuna somo kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi. Wengi hudhani filamu lazima ikae chini ya bomba linalotiririka nusu saa nzima. Kampuni ya Ilford hupendekeza njia ya kubana maji: jaza kopo, lipindue mara tano, mwaga, jaza tena, pindua mara kumi, mwaga, jaza mara ya tatu, pindua mara ishirini, mwaga. Kopo la filamu moja hutumia maji yasiyofika hata lita moja na nusu kwa kazi hiyo. Baada ya hapo ni tone la sabuni ya maji ili matone yasiache madoa, kisha filamu huanikwa kwa vibanio mahali pasipo vumbi.

Nikirudi kwenye uwanja wangu, tazama sasa jinsi istilahi zangu zilivyofeli. Kosa la kwanza ni la umbo. Kistawishi, kisitishi, kiimarishi: yote yanaanza kwa ki- na kuishia kwa -shi. Mwanaisimu atasifu utaratibu huo wa unyambuaji. Lakini istilahi za kazi hazisomwi darasani tu. Husomwa pia usiku, kwa mkono uliolowa, na mtu mwenye haraka. Maneno yanayotumika katika mfuatano mmoja yanapaswa kutofautiana kwa sauti na kwa sura. “Dawa ya kwanza, siki, haipo” hayawezi kuchanganywa hata na mlevi.

Kosa la pili ni la maana. Neno la Kiingereza la dawa ya tatu linabeba wazo la kukaza kitu kisibadilike. Nililishika neno, nikaiacha kazi. Kuimarisha kwa Kiswahili ni kukifanya kitu kiwe na nguvu zaidi, na msomaji yeyote angetarajia kiimarishi kiifanye picha kuwa nzito. Kinachofanyika hasa ni kuondoa kisichotakiwa.

Na hapo ndipo neno la watu wa kawaida linapoibuka na ushindi. Nimewahi, tena si mara moja, kusahihisha insha za wanafunzi walioandika “tulipeleka picha zikaoshwa”. Nilichora mstari mwekundu chini ya kitenzi na kuandika pembeni: zikachapishwa. Nilidhani kuosha picha ni Kiswahili cha mtaani kisicho na mantiki. Kumbe mantiki ipo tena ya kisayansi. Unapoosha sahani, unaondoa kisicho sahani, sahani inabaki. Unapoosha picha, unaondoa kisicho picha, picha inabaki. Jirani zetu wa Tanzania husema kusafisha picha, na kitenzi hicho nacho kina dhana ileile ya kuondoa. Aliyelitunga neno hili kwa maana hii hatumjui, lakini bila shaka alikuwa ameona karai, maji na mikono iliyolowa.

Leo mtu hutoka na simu yake, akaingia duka dogo la Moi Avenue, akasema, “Nataka kuosha hizi picha nne.” Hakuna tone la maji litakalotumika, mashine itatema karatasi kavu. Je, sasa neno ni kosa? La hasha. Lugha huhifadhi kazi za kale katika vitenzi vya leo. Tunakata simu ilhali hakuna kamba wala kisu. Kuosha picha ni kumbukumbu ya ufundi uliotangulia, na kulifuta kwa kalamu nyekundu ni kumfutia mtoto historia asiyoijua.

Tuangalie maneno mengine ya uwanja huu. Kwanza, kupiga picha. Piga ni miongoni mwa vitenzi vyenye shughuli nyingi zaidi katika Kiswahili: tunapiga pasi, mswaki, kura, hodi, miayo, mbizi na foleni. Katika miundo hiyo, piga limepoteza uzito wa kuchapa na limekuwa kama mpini unaoshikilia nomino. Kamera zilipoingia, mpini ulikuwepo tayari. Siku hizi nasikia watangazaji wakisema “kuchukua picha”. Huo ni muundo wa Kiingereza uliovishwa kanzu. Kwa Kiswahili, aliyechukua picha ameondoka nayo, na pengine atafutwe na polisi.

Pili, kamera. Neno hili lilipitia Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini, lenye maana ya chumba. Jina kamili lilikuwa “chumba cheusi”, yaani chumba chenye giza ambamo mwanga hupenya kwenye tundu moja dogo na kuchora ukutani taswira ya nje, juu chini. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, alichunguza kwa kina mwenendo wa mwanga unaopita kwenye tundu, karne nyingi kabla ya filamu. Kwa hiyo tunaposema chumba cha giza kwa maana ya mahali pa kusafishia picha, na kamera kwa maana ya kifaa, tunasema jambo lilelile mara mbili bila kujua.

Tatu, kuungua. Filamu ikifunguliwa juani, mafundi husema imeungua. Hakuna moto wala moshi. Ila kwa mtu wa Kiswahili jua huchoma, na kilichochomwa na jua kimeungua. Ni sitiari, lakini ni sitiari inayofundisha: mwanafunzi akishaambiwa kwamba mwanga ni moto kwa filamu, hataufungua mgongo wa kamera kabla ya kuizungusha filamu irudi kwenye kikebe chake. Hapa pia nirekebishe dhana iliyoenezwa na sinema. Ile taa nyekundu inafaa kwa karatasi nyingi za picha nyeusi na nyeupe, kwa kuwa karatasi hizo haziioni rangi nyekundu. Filamu nyingi za leo huona rangi zote. Kuitia filamu kwenye kopo lake hufanywa katika giza totoro, au ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili. Kijana wetu hujifunika blanketi mbili saa tano za usiku.

Nne, negativi. Wapo wanaopendekeza hasi, kwa kuwa hisabati imekwisha kutupa hasi na chanya. Silikatai pendekezo hilo. Inafaa tukumbuke kwamba hata kwa Kiingereza, maneno hayo mawili yalitwaliwa kutoka nyanja nyingine. Aliyeyapeleka kwenye picha ni John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye pia mwaka 1839 alisaidia kulieneza jina fotografia, lenye asili ya Kigiriki: mwanga na kuandika. Na ni Herschel huyohuyo aliyegundua mwaka 1819 kwamba ile chumvi tunayoiita haipo huyeyusha chumvi za fedha. Aliyetia jina ndiye aliyekuwa na mikono ndani ya dawa. Mimi nilitia majina nikiwa na mikono mikavu, na hiyo ndiyo tofauti.

Mtu anaweza kuuliza: haya yote ya nini, ilhali simu hupiga picha elfu bila gharama? Wenzangu walimu wameniuliza hivyo. Nina majibu mawili.

La kwanza ni la mwanafunzi mwenyewe. Kamera kama K1000, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1997, haina akili ya kukuamulia. Betri yake ni ya kipimamwanga tu. Hata ikifa, kamera inaendelea kupiga. Mpigaji lazima ajue mambo mawili: ukubwa wa tundu la lenzi na urefu wa muda ambao mwanga unaingia. Ni kama dirisha na pazia. Dirisha pana na pazia la kufumba na kufumbua laweza kuingiza mwanga sawa na dirisha dogo na pazia linalokawia. Mzee aliwapa vijana kanuni ya kale: siku ya jua kamili, weka tundu kwenye 16, kisha kasi iwe karibu na namba ya filamu. Filamu ya 400, weka 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde. Akaongeza kwamba jua letu la Ikweta saa sita mchana husimama utosini na kuchimba mashimo machoni mwa mtu. “Mpeleke kivulini karibu na ukuta mweupe,” alisema. “Ukuta utamrudishia uso.” Ukiwa na nafasi 36 pekee, na filamu moja inagharimu pesa za kulisha nyumba siku kadhaa, unajifunza kutazama kabla ya kubonyeza.

Jibu la pili ni la sisi sote. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kwa macho kuhusu karne iliyopita yalipita kwenye makarai ya watu kama Mzee. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa waliowahi na kamera. Ni Amin huyohuyo ambaye kazi yake mwaka 1984 iliufanya ulimwengu uione njaa ya Uhabeshi. Priya Ramrakha, Mkenya mwingine, aliuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini. Mombasa, studio ya Parekh ilipamba kuta za sebule za pwani kwa picha za maharusi na mabarobaro. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha akaunda mandhari ambayo kompyuta ilikuja kuyaiga baadaye. Majina hayo machache yameandikwa vitabuni. Nyuma yao kulikuwa na mamia ya wasafishaji wasio na majina, waliozungumza Kiswahili gizani siku kutwa kwa sababu ya kazi yenyewe: ukiwa gizani huwezi kuonyesha kwa kidole. Lazima useme. Msamiati wao haukuwa pambo. Ulikuwa taa yao.

Msamiati huo unaondoka. Studio aliyofanyia Mzee sasa huuza vifuniko vya simu. Wenzake wawili aliofanya nao kazi wamefariki, mmoja amerudi Murang’a. Wakati huohuo vijana wanaurejelea ufundi, na wanaurejelea kwa Kiingereza cha intaneti, kana kwamba haujawahi kufanyika hapa. Tusipounganisha ncha hizi mbili mapema, tutakuja kuunda kamati ya istilahi na kuwatungia wajukuu maneno ambayo babu zao walikuwa nayo, tena bora.

Sisemi kwamba wasomi tuache kutunga istilahi. Kuna mambo ambayo fundi hana neno lake, na hapo kazi yetu ipo. Mzee, mathalani, hana jina la ile mali ya chumvi kuathiriwa na mwanga, na taswira fiche inahitajika katika kitabu cha fizikia pamoja na “picha imelala” ya studioni. Ninachosema ni kwamba mpangilio uwe kama wa zile chupa. Kwanza msikilize mtenda kazi. Pili simama, ulinganishe na maana ya kitu chenyewe. Tatu ndipo uondoe kisichotakiwa. Mimi nilianza na ya tatu.

Ile karatasi yangu tuliichana. Tuliandika nyingine tukiwa wanne mezani kwa Mzee, chai ikipoa. Inasema: dawa ya kwanza, siki, haipo, maji. Chini yake Mzee alilazimisha mstari mmoja uandikwe kwa herufi kubwa: USITIE DAWA KWENYE CHUPA YA SODA. Watoto hunywa chochote kilicho ndani ya chupa ya soda, alisema, na hilo ni kosa kubwa kuliko la filamu. Tena akaonya kwamba haipo iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka ndani yake, na haifai kumwagwa kwenye mtaro au shambani. Chupa sasa ni tatu za maumbo tofauti: ndefu, fupi, na yenye mpini.

Agosti kijana alisafiri hadi Mumias na filamu moja. Aliporudi tuliisafisha Kangemi, blanketi dirishani. Nilipewa kazi ya kushika saa, na sikuruhusiwa kugusa chupa yoyote. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akisema tu, “Pindua... acha... pindua.” Kopo lilipofunguliwa, kijana aliuinua utepe kwenye taa, na kabla hajatafuta picha yoyote, aliangalia ukingo.

Namba zilikuwapo.

Kukhu wake alikuwa kwenye namba 4, namba 9, na kuanzia 15 hadi 22, uso mweusi na nywele nyeupe zikiwa zimebadilishana rangi kama inavyopasa. Namba 11 alikuwa amefumba macho. Za kufunga virago na za kuwaaga majirani wa Kangemi hazitapatikana kamwe, na kijana anajua ni neno la nani lililozipoteza. Hajanitupia lawama hata siku moja. Alinipa nakala ya namba 17, iliyooshwa kwenye karatasi, na nyuma yake kaandika tarehe na neno moja: Ipo.

Kwa walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Muhula ujao, badala ya kuwapa wanafunzi orodha ya istilahi za kukariri, watumeni kwa fundi mmoja karibu na shule: wa viatu, wa redio, wa cherehani, wa studio kama bado yupo. Waandike maneno kumi anayoyatumia na kazi ya kila neno. Mtakaposahihisha, wekeni kalamu nyekundu chini kwanza, msome hadi mwisho.